Mama Povu na Meza ya Sindano

Alizaliwa mwaka 1949, mtoto wa tano wa seremala na mkunga, akabatizwa akiwa na siku nane. Alipotimiza miaka ishirini na miwili aliajiriwa kufua nguo katika hospitali ya misheni, akadumu huko hadi kufa. Wenzake walimwita Mama Povu, maana povu halikukauka viwikoni mwake.

Katika chumba cha kufulia palikuwa na meza ya kuchambulia mashuka machafu. Wauguzi walizoea kusahau sindano ndani ya mashuka hayo, kwa hiyo desturi ilikuwa wafuaji wageni waanzie hapo, wakongwe wapige pasi. Baada ya miaka tisa Mama Povu aliiacha pasi, akarudi mezani kwa hiari yake.

"Shoga, umerogwa?" mpiga pasi mwenzake alimcheka. "Meza hiyo ya wageni!"

"Mgeni hajui sindano inavyojificha," alijibu. "Vidole vyangu vimechomwa mpaka vimepata elimu."

Hakuwa na cheo. Lakini mashine ilipogoma, macho yote yalimtafuta yeye, hata ya msimamizi.

Jaribu kubwa lilifika mwaka 1986. Mfuaji mgeni, mjane kijana mwenye watoto wawili, alijaza mashine bila kuchungulia ndani, kumbe limebaki blanketi jekundu. Mashuka yote ya chumba cha upasuaji yakatoka na rangi ya waridi, na wagonjwa walikuwa wakisubiri alasiri ileile.

"Nani kafanya hivi?" msimamizi alifoka. "Leo hii anaondoka!"

Wengine walikwisha kumgeukia mjane. Mama Povu akatumbukiza mikono katika beseni la dawa ya kuondoa rangi, akasema taratibu, "Baba, kwanza tufue. Mwenye kosa hakimbii, ila rangi ikikauka haitoki."

Wakamfuata mmoja mmoja. Mwishowe msimamizi naye akavua koti. Kufikia saa nane mashuka yalikuwa meupe, isipokuwa moja.

"Ni mimi," mjane alisema, akilia.

Msimamizi alitazama mikono yake mwenyewe, imechubuka kwa dawa. Hakumfukuza.

"Tunajua, mwanangu," Mama Povu alimjibu. "Kesho njoo mezani kwangu, nikufundishe kutazama."

Alilala katika Bwana mwaka 2003. Wenzake wanashuhudia kwamba tangu arudi mezani hakuna mgeni aliyechomwa tena. Jeneza lake lilifunikwa kwa lile shuka la waridi, ambalo mjane alikuwa amelitunza miaka yote. Mjane huyo ndiye msimamizi sasa. Ofisi anayo, lakini ukimtaka asubuhi, mtafute kwenye meza ya sindano. Nasi tuliopewa watu wa kuwaongoza, tuanzie hapo.