Wimbo wa Maziwa Yaliyotemwa

Juzi kwenye harusi hapa Eldoret, DJ aliweka ule wimbo wa mursik, maziwa yetu ya kibuyu kilichopakwa jivu, ambao watu wanadhani ni wa kukaribisha wageni. Mimi nilikuwepo ulipozaliwa.

Alasiri hiyo kule Kiplombe, nikiwa bado mtoto, nyumba ilinukia moshi na maziwa ya kibuyu. Shangazi Chebet alimmiminia mchumba wake, aliyekuja na wazee wa kwao. Mchumba alionja, akatema sakafuni.

"Hii inanuka jivu! Ameshindwa na kibuyu, nyumba ataiweza?"

Waliondoka wakaacha vikombe vitano vimejaa. Nilivihesabu mara mbili. Shangazi alipiga magoti akapangusa sakafu, akiimba polepole, "Wewe wa ulimi mwepesi, rudi unywe." Nilidhani amefurahi, nikampigia makofi.

Baadaye kwaya ya mtaa iliuchukua, kisha redio.

Sasa yule mchumba ni mzee wa kitambi. Juzi alikuwa katikati ya hema, mikono juu, akiuimba kuliko bibi harusi. Nilimpigia shangazi simu papo hapo, nikamwambia.

"Anacheza?"

"Beti zote tatu, shangazi. Nimehesabu mara mbili."



"Mwambie DJ arudie."