Bomba la moto limetoa upepo

Leo nimemnyakua mwanangu usingizini nikatoka naye mbio, na hata moto haukuwepo.

Nafanya kazi godauni la magodoro hapa Same. Mwanangu namlaza humohumo, juu ya sponji. Chini ya paa kuna mabomba ya kumwaga maji pindi moto ukiwaka, basi nilikuwa nikiyaona moyo unatulia.

Leo kaja fundi kuyapima. Kafungua koki.

Fyuuu. Upepo tu.

"Jamani, tangi lake lina maji?" fundi akauliza.

Kiangazi hiki mtaani maji hayatoki, na tangi hilo la nyuma tunachota wote, mpaka majirani.

Mama Naomi, mwenzangu wa kushona foronya, akasema polepole, "Fundi, si ndiyo tunafulia nepi."



Fundi akamwangalia mwanangu. "Dada, sponji likiwaka, moshi wake hautakusubiri ufike mlangoni."

Na ukutani kwa nje, jirani anachomelea mageti. Cheche tunaziona dirishani kila siku.

Ndipo nikakimbia.

Bosi kasema boza la maji linakuja kesho. Naamini litakuja.

Ila sasa hivi naandika nikiwa nje, mtoto mgongoni, na jirani bado anachomelea.

Wenzangu wa magodauni, tangi lenu mmeligonga leo mkasikia kama lina maji?