Imekuwaje Mkononi?

Nakumbuka siku moja kwa midomo yangu, mwanangu, si kwa kichwa. Mengi ya ujana yameshanitoka, na ukiniuliza mwaka nitababaika. Lakini siku ile nikiitaja tu, midomo hunisisimka, nami hujifuta kwa ncha ya kanga kama mtu aliyekula pilipili.

Umenambia kesho unakwenda Darajani kusikiliza ampli mbili, na fedha uliyojiwekea inatosha moja tu. Umenieleza na habari za besi, nami nimeitikia kwa kichwa kana kwamba nafahamu. Usinicheke bibi yako. Ampli naijua kabla mama yako hajazaliwa, ila sisi tukiiita mashine ya sauti. Kaa nikuhadithie, na chai yako uinywe kabla haijapoa.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nimeolewa hata mwaka haujatimia. Pale Kikwajuni tulikuwa na kikundi chetu cha wanawake cha taarab, na mkubwa wetu alikuwa Bi Mwanakhamis, ambaye ndiye pia aliyekuwa somo yangu, aliyenifunda nilipovunja ungo na aliyenipeleka kwa mume. Mwenzangu katika uimbaji alikuwa Rukia, binti wa mama yangu mdogo. Rukia alijaaliwa sauti, akiimba uani anasikika barabarani. Yangu ilikuwa tamu, wenyewe walisema, lakini nyembamba. Fidla na ngoma zikichanganya, mimi nabaki kufungua mdomo tu.

Basi nikaishi na hofu hiyo. Kila tulipoalikwa niliingia nikingoja siku watakaposema, Zuwena hasikiki, mwachieni Rukia. Wenzetu wa mtaa wa pili walipopata mashine ya sauti, na sisi tukaamua kuchanga tununue yetu, nilifurahi kuliko wote. Nilijiona nimepona.

Tulikwenda watatu, Bi Mwanakhamis, Rukia na mimi, katika duka moja la Mkunazini. Chumba cha kusikilizia kilikuwa juu, sakafu yake ya mbao, na mwenye duka alikuwa mtu mpole asiyemharakisha mteja. Akatuonyesha mbili ambazo mchango wetu ulizimudu. Moja ilikuwa ndogo, ya bati la kijivu, imefungwa kila upande. Ya pili ilikuwa kubwa, imetumika kidogo, kasha lake la mbao limepigwa rangi likang'aa, na kwa nyuma iko wazi, unaziona taa zake zinawaka nyekundu ndani. Bei zilikuwa sawa, na huyo mwenye duka mwenyewe alitwambia wazi kwamba yeye angechukua ndogo.

Bi Mwanakhamis hakuwa mtu wa kununua kwa macho. Alikaa kitini, akafumba macho, akatwambia tuimbe ubeti mmoja uleule katika kila mashine, Rukia kwanza, kisha mimi. Kwenye ndogo sauti yangu ilitoka vile ilivyo, nyembamba, ila kila neno linasikika. Kwenye kubwa, mwanangu, nilijisikia mtu mwingine. Kuta zilitetemeka. Nikasogeza mdomo hadi ukagusa chuma cha maikrofoni, na hapo ndipo nilipoumwa.

Hayakuwa maumivu makubwa. Kama sisimizi tu, walitambaa kwenye midomo na vidole, wakaondoka. Nilishtuka, nikarudisha kichwa nyuma, nikajitia kukohoa.

Bi Mwanakhamis akafumbua macho.

"Hiyo ndogo inasema maneno," alisema. "Hii kubwa inapiga kelele. Na taarab bila ya maneno ni kitu gani? Uzuri wa mkakasi huu, nnauogopa."

"Lakini Bi, hii itasikika hadi uwanjani," nikasema kwa kubembeleza. "Wenzetu watatucheka na kidude kile."

Akanigeukia. "Rukia hakuigusa, kaimba kwa mbali. Wewe ndo ulokuwa nayo karibu. Imekuwaje mkononi?"

Swali hilo, mwanangu, ndilo hadithi yote. Sijui alikuwa ameniona nilivyoruka, au ndiyo desturi yake ya kuuliza kitu kwa aliyekishika. Njia ilikuwa nyeupe. Ningesema, "Imeniuma, Bi," tungechukua ndogo tukarudi zetu nyumbani. Lakini nilimwangalia Rukia, nikaisikia ile sauti yake, nikaiona siku ya kuambiwa nikae nyuma.

"Njema, Bi," nikajibu.

"Njema?"

"Njema kabisa."

Tukachukua kubwa.

Mficha maradhi kifo humuumbua, waliosema hivyo hawakukosea. Tulifanya mazoezi chumbani kwa Bi Mwanakhamis, juu ya mkeka, na mashine ile ilikuwa na tabia ya kigeugeu. Siku nyingine inatulia kabisa, hata nadhani nimeota. Siku nyingine nikiigusa, sisimizi wale wanarudi. Nilianza kuishika maikrofoni kwa ncha ya kanga na kusema nataka isilowe jasho. Wenzangu, walioimba kwa mbali bila ya kuigusa, waliniona nadeka. Mume wangu aliniuliza kwa nini silali, nikamwambia ni joto. Mara mbili tatu nilikwenda hadi mlangoni kwa Bi Mwanakhamis kumwambia, nikapiga hodi, akanikaribisha, tukazungumza habari za samaki, nikarudi. Kila nilipochelewa, ukweli ulizidi kuwa mzito, kwani sasa ningelazimika kusema pia kwamba nilidanganya.

Ikafika harusi tuliyoalikwa kuimba. Nyumba ilikuwa hapohapo Kikwajuni, imetiwa umeme karibuni, na sisi tulipangiwa ukumbi wa ndani wenye sakafu ya saruji. Baada ya alasiri wanawake walijaa, bibi harusi anangojewa atolewe. Mimi ndiye niliyepangwa kufungua. Nikaitazama maikrofoni imesimamishwa pale mbele, nikavua viatu kama wenzangu wote, na nyayo zilipogusa ile saruji baridi mwili ulinikataa.

Sikiliza nilichofanya. Nilimwinamia Rukia nikamwambia, "Koo limenikauka, mwenzangu. Fungua wewe."

Rukia alicheka, akanishika mkono. "Leo Zuwena ananiachia mwenyewe! Mvua itanyesha." Akainuka.

Unaijua desturi yetu. Hakuna shughuli isiyo na marashi. Mama wa bibi harusi alitoka na mrashi wa fedha, anawanyunyizia wageni vichwani, mabegani, viganjani, huku wanapiga vigelegele. Alipofika kwa waimbaji akataka kutukirimu zaidi. Akamnyunyizia Rukia mikono yote miwili, akamwaga na pale aliposimama, kwa baraka, mpaka saruji ikang'aa kwa maji. Akainyunyizia na mashine yenyewe, maana na hiyo ilikuwa mgeni mpya. Nilisikia taa zake zikilia ss, kama kikaango kilichodondokewa na tone.

Uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Niliyakumbuka maneno ya somo yangu. Rukia alinyoosha mkono uliolowa aisogeze maikrofoni. Nilitaka kupiga kelele na kelele haikuja, ile sauti yangu nyembamba imejificha kabisa. Kisha ikatoka, sijui wapi.

"Rukia, usiishike! Inauma!"

Ukumbi mzima ulinisikia. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, nilisikika bila ya mashine. Lakini vidole vya Rukia vilikuwa vishafika. Vilijifunga kwenye kile chuma vikakataa kufunguka, mwili wake ukakakamaa, macho yakanitazama mimi, na mashine inanguruma. Wanawake wakapiga mayowe, na mmoja akamkimbilia kumvuta. Bi Mwanakhamis akamzuia kwa fimbo yake ya kutembelea, "Msimguse! Chomoeni waya!" Mimi ndiye niliyekuwa karibu na ukuta. Nilijizungushia kanga mkononi, nikaung'oa waya.

Rukia akaanguka. Nilimlaza kichwa mapajani pangu, namwita, haitiki. Niliomba pale, mwanangu, maombi ambayo sijayaomba tena. Hadi leo sijui ulipita muda gani. Ninachojua ni kwamba alivuta pumzi, akakohoa, nami nikaanza kulia.

Kiganja chake kiliungua. Alipopata kusema, neno lake la kwanza lilikuwa swali.

"Zuwena, ulikuwa unajua?"

Ningewezaje kukana? Ukelele wangu ulitangulia madhara, na kila aliyekuwemo ukumbini aliusikia. Nikasema, "Nilijua."

Bi Mwanakhamis hakunigombeza mbele za watu. Aliniita asubuhi yake, akaniweka mkekani alipokuwa amenifunda zamani.

"Nilikuuliza habari ya mashine," alisema, "ukanipa habari ya hofu yako. Mimi sikujua, nkaichukua nkailipia."

"Niliogopa, Bi."

"Kuogopa si aibu. Mwenyezi Mungu katupa hofu itulinde. Wewe umeiogopa sauti ya Rukia, umeogopa kicheko cha watu, kilokuuma mdomo hukukiogopa. Na kilipokutisha kweli, ukampa mwenzio."

Hilo la mwisho lilinichoma kuliko umeme wowote.

Baadaye tulipata ile ndogo ya kijivu. Sauti yangu ilitoka nyembamba vilevile, na watu walinyamaza kidogo ili wasikie maneno. Rukia alinisamehe kwa kauli yake, lakini mkono ule haukuacha kutetemeka anaposhika kikombe. Tangu hapo, kila tulipofungua shughuli, mimi huigusa kwanza maikrofoni kwa mkono wangu mtupu, na yeye huniuliza kwa sauti ya chini, "Imekuwaje mkononi?" Akaniuliza hivyo hadi alipokwenda mbele ya haki, Mungu amrehemu.

Basi kesho, mwanangu, nenda kasikilize. Usiivamie ile inayokufanya ujione mkubwa, debe tupu haliachi kuvuma. Fumba macho, utafute ile inayokupa maneno. Iguse. Na ukiona kidole kimekataa, sema hapohapo dukani, hata kama watacheka, hata kama fedha imeshatoka mfukoni. Ogopa, sikukatazi, ila chagua cha kuogopa. Na hofu yako usimpe mwenzako aishike.

Inuka sasa, nenda ukalale. Mwenyezi Mungu akupe mkono unaohisi, akupe na ulimi usioukana mkono wako, na asikujaalie kuulizwa na umpendaye kama ulikuwa unajua. Amin.