Mikono ya Furaha

Jamani, mimi ni mwalimu wa darasa la tano hapa Ikola, na juzi niliumbuka vibaya.

Tulipokea mwanafunzi mpya, Furaha, ambaye familia yake imehamia kutoka Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Kila nilipomwita alisimama, akafunga mikono kifuani na kunyamaza. Huku kwetu mtoto akikusimamia hivyo, anakwambia humuwezi. Nikamwambia aishushe. Aliishusha, lakini nilipomuuliza swali akaifunga tena. Siku ya tatu nilipandwa na hasira, nikamtoa nje mbele ya wenzake.

"Jeuri hiyo kaifanyie kwenu!"

Kesho yake hakuja shule, wala siku zilizofuata. Mwisho nikaenda kwao, nimejipanga kumpa mama yake somo la malezi.

Nilimkuta anaanua dagaa. Aliponiona alinawa haraka, akasimama mbele yangu, akafunga mikono kifuani. Nikawaka.

"Mama, na wewe unanifanyia jeuri?"

Akashtuka. "Jeuri? Hapana, mwalimu! Kule kwetu mwanafunzi akiwa mbele ya mwalimu anafunga mikono. Ni heshima. Mimi nilisoma hivyo, na Furaha vilevile."

Furaha akatokea mlangoni, macho yamevimba.

"Mwalimu, nikirudi shule," aliuliza kwa sauti ndogo, "mikono niiweke wapi?"

Miaka kumi na minne nafundisha, na swali la mtoto likanishinda. Nilichoweza kusema ni, "Nisamehe, mwanangu."