Mashine ya Kijivu Isiyo na Taa

Mume wangu hakuwa kiziwi. Hilo alilisema mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe aliye ng'ambo ya bonde. Yenye kasoro, kwa maoni yake, ilikuwa runinga mpya ambayo watoto wetu walituletea hapa Wamagana, nyembamba kama trei ya chai.

"TV za siku hizi zinanong'ona," alilalamika. "Hata msoma habari anaogopa kusikika."

Alisema kweli, lakini nusu tu. Runinga hizi kweli zina sauti hafifu, kwa kuwa spika zake zimefichwa nyuma zikiutazama ukuta. Nusu ya pili ni kwamba mume wangu aliendesha lori la kabeji kutoka soko la Karatina zaidi ya miaka ishirini, injini ikinguruma karibu na magoti yake. Siku hizo nilikuwa nikimwambia maziwa yamechacha, naye ananijibu kwamba hata yeye amechoka.

Katika stoo tulikuwa na spika mbili kubwa za mbao alizozinunua akiwa kijana. Moja ilikuwa imetoboka mgongoni na kuku alikuwa akitaga humo. Tulimhamisha kuku, tukapangusa vumbi, tukaona koni za ndani bado nzima. Lakini spika za namna hiyo haziungwi na runinga hivi hivi. Zinataka amplifaya katikati, mashine ya kuipa sauti nguvu. Basi Jumamosi moja tukavaa, tukaenda Nyeri mjini kutafuta ya bei nafuu.

Tuliingia duka la mama mmoja mwenye asili ya magharibi mwa Kenya, mnene, mcheshi, na bisibisi imechomekwa kwenye kilemba. Rafu za mbele zilikuwa na mashine mpya. Za nyuma zilikuwa na zile zilizokwisha kutumika kwingine. Kabla sijasema neno, mume wangu alikuwa amesimama mbele ya mashine moja nyeusi iliyowakawaka taa nyekundu na buluu kama gari la harusi.

"Hii," akasema. "Soma hapo. Wati elfu moja!"

Mimi nilifundisha sayansi shule ya msingi hadi nilipostaafu, na mazoea hayastaafu. Niliizungusha ile mashine nikatazama mgongoni, pale palipoandikwa kwa herufi za kujifichaficha umeme inaoutumia. Wati sitini.

"Ng'ombe wako akila debe moja la majani," nilimuuliza, "anaweza kukupa madebe kumi ya maziwa?"

"Ati nini?"

Nilirudia kwa sauti ya darasani. Watu wawili waliokuwa mlangoni wakageuka. Mume wangu akasema ng'ombe ni ng'ombe na redio ni redio.

Mwenye duka alikuwa ameinamisha uso akicheka ndani ya kanga yake. Akanivuta pembeni, akanionyesha mashine ndogo ya kijivu kwenye rafu ya nyuma. Haikuwa na taa hata moja, ila kijidoti cha kijani. "Dada, hii ndiyo ningeweka kwangu," aliniambia. "Wati zake ni chache lakini ni za ukweli. Maneno yanatoka safi. Na bei ni karibu nusu ya ile ya disko. Lakini wanaume wananunua kwa macho."

"Basi tumfumbe macho," nikasema.

Tulisema hayo hatua tatu kutoka alipokuwa, wala hatukunong'ona. Hakusikia kitu.

Mama yule akamkalisha kwenye kigoda cha plastiki, akamgeuza atazame barabarani. "Baba, wacha masikio yachague. Nitacheza taarifa ya habari kwa mashine mbili, spika ni zile zile. Wewe utasema ni gani iko poa."

Akaanza na ile nyeusi. Besi ilitingisha vioo vya kabati, na msoma habari akawa kama anaongea akiwa ndani ya pipa. Kisha akahamisha nyaya kwenye ile ya kijivu. Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo ningemwadhibu mwanafunzi kwa kulifanya. Nilinyoosha mkono, nikakizungusha kitufe cha sauti cha ile ya kijivu kidogo tu kuelekea kulia. Sikio la binadamu, nilijua vizuri sana, huona kilicho na sauti zaidi ndicho kizuri zaidi. Mwenye duka aliniona. Akatazama dari.

Mume wangu akapiga paja. "Hiyo! Hiyo ya pili ndiyo kubwa. Sikia vile maneno yanatoka!"

Alipogeuka akaona kile kisanduku cha kijivu, aliitupia jicho tena ile yenye taa. Lakini mwanamume aliyetoa hukumu mbele ya watu hairudishi. Tukainunua. Mama yule akatuongezea waya wa kuunga na runinga, pamoja na kidude cha bluetooth cha kuchomeka nyuma, ili pia tucheze nyimbo kutoka kwenye simu.

Nyumbani ilifanya kazi vizuri kuliko nilivyotarajia. Mume wangu alisikia habari, akasikia hata vikohozi vya wabunge. Kwa wiki mbili alikuwa akiwaambia majirani jinsi alivyoichagua kwa masikio yake mwenyewe, bila kuangalia. Mimi nilikuwa nikitikisa kichwa kwa heshima. Mtu pekee niliyemsimulia ukweli ni dada yangu wa Othaya, tena kwa simu.

Jumapili iliyofuata, wazee watatu wa kanisa walikuja kutembea baada ya ibada. Waliketi sebuleni na mume wangu, runinga imezimwa kwa adabu. Nilikuwa jikoni nikichemsha chai, stovu ikivuma, simu yangu ikalia. Dada yangu alikuwa amenitumia ujumbe wa sauti. Nikaubonyeza. Kimya. Nikaongeza sauti hadi mwisho. Kimya. Nikaubonyeza tena tangu mwanzo, nikaiweka simu sikioni, nikaitingisha kidogo.

Nilikuwa nimesahau kwamba asubuhi, nikifagia, nilicheza nyimbo za dini kupitia ile mashine. Simu ilikuwa bado imeungwa nayo.

Nilipozima stovu ndipo nikamsikia dada yangu, sauti kubwa kuliko nyumba, akitokea sebuleni: "Wee, nimecheka hadi nikamwaga chai! Kwa hivyo ulimwongezea sauti nyuma ya mgongo, na yeye akaapa ati hiyo ndiyo kubwa? Mpeleke huyo mzee hospitali! Masikio yake imeziba kama mtaro wa Karatina siku ya soko!"

Kwa kuwa nilikuwa nimeubonyeza mara mbili, wageni walikuwa wamepata mahubiri hayo tangu mwanzo, mara mbili.

Niliingia na trei. Mzee mmoja alikuwa akisoma kalenda ukutani kwa bidii kubwa. Mwingine alikuwa na kitambaa mdomoni, mabega yakitetemeka. Mume wangu alipokea kikombe chake bila kunitazama.

"Nimesikia kila neno," alisema polepole.

Kwa siku mbili hakusema nami. Alisema na ng'ombe, mimi nikiwa karibu. "Mwambie mwalimu maziwa ni haya," alimwambia ng'ombe. Nami nikamjibu ng'ombe kwamba asante. Nililala na aibu, nakiri, ingawa kila nikikumbuka kalenda ile nililazimika kuuma shuka.

Jumatano alivaa koti lake la kanisani. "Twende Othaya," alisema, sasa kwangu. "Tukitoka hospitali, tumpitie huyo dada yako, aniambie hayo mambo usoni."

Daktari alimchungulia masikio yote mawili, akaguna, akaitisha maji ya vuguvugu na bomba. Kibonge cha nta kilichotoka sikio la kushoto kilikuwa na ukubwa wa haragwe. Cha kulia sitakieleza. Tulipotoka nje, mume wangu alisimama ghafla kwenye changarawe, akainua mguu mmoja, kisha mwingine.

"Kumbe hizi viatu zinalia?"

Alitembea pale uani huku na huku, akitabasamu kama mtoto aliyenunuliwa filimbi. Nikamwomba msamaha hapo hapo, nikisema kwa sauti yangu ya kawaida, sauti ambayo sikuwa nimeitumia naye kwa miaka. Alinisikia mara ya kwanza. Akasema amenisamehe, lakini dada yangu bado.

Alimsamehe baada ya sahani ya pili ya mukimo wa viazi na mahindi aliotupikia.

Siku hizi anasikia kila kitu. Nikinung'unika jikoni, ananijibu kutoka zizini. Mwezi uliopita dada yangu alikuja kututembelea, na ili tuongee kwa nafasi tulikwenda hadi katikati ya shamba la majani chai, tukaketi, tukainamisha vichwa. Tulikuwa ndiyo kwanza tunakumbushana siku ile ya dukani, tulipomsikia mume wangu kutoka barazani:

"Hapo mmeongeza chumvi! Hiyo siku nilikuwa nimevaa kofia ya kufunika masikio!"