Upindo wa Msichana wa Mwisho

Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa kuchora watoto wasio na sura. Kilikuwa kijitabu cha adabu kwa wanafunzi wa madrasa: namna ya kuingia nyumbani, namna ya kula, namna ya kumsalimia mkubwa. Ustadhi aliyenipa kazi alinieleza kwa upole, kana kwamba ningekasirika: macho hakuna, pua hakuna, mdomo hakuna. Sura ni ya Mwenyezi Mungu kuumba, si yangu. Nami nililelewa Kisauni katika nyumba isiyotundika picha ukutani, kwa hiyo sikuona ajabu. Nilichoona ni kwamba nimepata kazi, na baba atanyamaza kidogo kuhusu ile nafasi ya karani aliyotaka niichukue huko Changamwe.

Nilikuwa nimepanga chumba Timbwani, katika nyumba yenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku. Nilichora mchana, mlango wazi kwa sababu ya joto. Kila ukurasa uliokauka niliubandika ukutani. Siku za kwanza nilijisifu. Baadaye ikawa shida kuwapa mgongo wale watoto. Mtu asiye na macho hakutazami, hilo nalijua. Lakini pia huwezi kujua ameelekea wapi. Nikawa nageuka ghafla, kama mjinga, kuhakikisha wako walivyokuwa.

Kumchora mtoto bila uso kuna ugumu wake. Huwezi kumfanya mtundu kwa kumtia tabasamu. Lazima umtofautishe kwa mwili: huyu tumbo mbele, huyu magoti yanagongana, huyu hawezi kutulia. Wote niliwaokota njiani, asubuhi wakienda madrasa, isipokuwa mmoja. Msichana wa mwisho katika mstari sikumtoa popote. Nilikusudia awe wa kujazia nafasi tu. Akatoka bega la kulia liko juu, kichwa kimeinama kidogo upande huo, na gauni limepanda kulia hata kifundo cha mguu kinaonekana.

Nilimfuta. Nikamchora upya, mabega sawasawa. Nilipokuja kumtia rangi, bega lilikuwa juu. Nikajiambia mkono umechoka. Ukurasa uliofuata nikampima kwa rula kabisa, nikamaliza, nikaenda uani kuteka maji. Niliporudi nikamkuta: bega juu, upindo umekwenda upande. Sisemi kwamba karatasi ilijichora. Nasema nilichokiona. Nilikasirika kuliko nilivyoogopa, maana raba ilikuwa imeanza kutoboa karatasi. Mwishowe nikamwacha alivyo, ukurasa baada ya ukurasa, nikampelekea ustadhi picha kwa simu.

Jibu lake lilikuja kwa ujumbe wa sauti. "Mashallah, kazi nzuri. Ila yule binti wa nyuma, nguo yake imekwenda kombo. Kitabu ni cha adabu, mwanangu. Mnyooshe, kisha tuchape inshallah."

Alasiri hiyo hiyo jirani yangu wa chumba cha mbele alikuja kuazima chaja. Alikuwa mshonaji, cherehani yake ilikaa ukumbini, na sare za madrasa za nusu ya mtaa zilitoka mikononi mwake. Mama wa maneno machache, ambaye utani wake kwangu ulikuwa mmoja tu, kwamba nitakaa kitako mpaka nigeuke kiti. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yakiwa ukutani. Hakumaliza kuingia.

"Huyu wamjua wapi?"

Nikamwambia simjui, ni mtoto wa kubuni tu.

Alisogea, akaweka kidole juu ya lile bega. Kisha akatoka, nikasikia sanduku likifunguliwa chumbani mwake. Alirudi na gauni dogo la madrasa, la kijani kilichofifia, akalitandaza kitandani pangu. Gauni lilikuwa kombo. Upande wa kulia uliuzidi wa kushoto kwa vidole viwili.

Alikuwa na binti, akaniambia. Homa ilimchukua akiwa na miaka minane, kabla sijahamia nyumba ile, na hakuna aliyewahi kunitajia. Alizaliwa bega moja juu. Nguo za dukani zilimpanda upande mmoja, watoto wakamcheka. Basi mama yake akawa anamwongezea upindo kulia, hata akisimama gauni lianguke sawasawa na asijue mtu.

Nilitaka kusema neno la kumfariji, lakini hakuwa akilia. Alikuwa amekasirika.

"Mimi sijamtoa mwanangu nje nguo ikiwa hivi. Hata siku moja, wallahi. Nani kamshonea hini?"

Nguo ya mwisho anayovishwa mtu haina upindo, na hakuna mshonaji anayeipima begani. Sikulisema hilo. Nadhani alikuwa amekwisha kulifikiria, kwa jinsi alivyokunja gauni na kulikunjua tena.

Nikamwambia kwamba ustadhi ameniagiza nimnyooshe. Nilidhani atafurahi. Akanishika mkono uliokuwa na raba.

"Ukimnyoosha bega atakuwa mtoto wa mtu mwingine. Bega liwache. Mwongezee nguo."

Nilihofia kazi yote itakataliwa kwa ajili ya bega moja, na nilikuwa naihitaji kazi ile kupita kiasi. Lakini nisingeweza kumkatalia mama aliyesimama mbele yangu na gauni mkononi. Nikabandua ukurasa wa kwanza ukutani, nikachonga penseli. Kwenye karatasi, vidole viwili vya mtu ni unywele tu. Yeye aliinama begani kwangu akiniongoza kwa pumzi. "Shusha. Bado. Bado kidogo. Hapo." Tulikwenda hivyo ukurasa hadi ukurasa, hata ikaadhiniwa magharibi. Kila gauni lilipotulia, aliliangalia pande zote mbili kama fundi anayekagua kazi kabla ya mwenyewe kuja kuichukua. Tulipomaliza niliwapa wale watoto mgongo, na sikuhisi haja ya kugeuka.

Ustadhi aliipokea kazi. Bega hakuliona, au aliliona akanyamaza. Kitabu kikachapwa, baba akapunguza habari za Changamwe, na mimi na jirani yangu hatukulizungumza tena jambo lile.

Mwaka uliofuata ustadhi alinipa kitabu cha pili, cha adabu za safari. Nilichora watoto wapya, nikawapanga stesheni na mizigo yao. Sikukusudia kumtia. Nilipoinua karatasi ikauke, alikuwa nyuma kabisa, bega la kulia juu. Upindo ulikuwa sawa, kulia na kushoto. Lakini gauni lenyewe lilikuwa limempanda lote hadi karibu na magoti, na mikono ya gauni ilikomea kati ya kiwiko na kiganja.

Sikuchukua raba. Nilivuka ukumbi na karatasi yangu ingali mbichi, nikamkuta mama kwenye cherehani, nikamwamkia.

"Mama," nikamwambia, "amekua."

Akalisimamisha gurudumu kwa kiganja, akavuta utepe wa kupimia shingoni mwake, akauliza: "Kwa kiasi gani?"