Jina la Riziki Katika Wimbo wa Noeli

Niliondoka Goma kwa hasira, nami nasema mapema ili msidhani nilikwenda kutembea. Kila Desemba, kuanzia mtaa wetu wa Mapendo hadi mpakani Bunagana, watu huimba wimbo mmoja wa Noeli: mtoto amezaliwa zizini, na ndama wanampulizia pumzi asipate baridi ya milima. Theluji haimo, nani kati yetu aliwahi kuiona? Katika ubeti wa mwisho muimbishaji huita jina, na kanisa zima huliitikia. Katika kwaya yetu muimbishaji ni mimi, na jina lilikuwa la Papa Janvier, tajiri anayeuza mafuta na sukari, ndiye anayetununulia vitambaa vya sare. Huko ndiko kutupa libanga: unamtaja mwenye mfuko katika wimbo, naye anafungua mkono.

Siku moja kwenye mazoezi, kiongozi wetu Papa Deo alisema wimbo huo ni wa mababu, hauna mwenyewe. Mama mmoja mgeni kutoka Masisi aliguna.

"Mababu gani, papa? Mama Vumilia njo aliutunga, na iko muzima. Anaikala Sake."

Papa Deo akaanza kutafuta miwani yake, nayo ilikuwa usoni mwake. Damu ikanichemka.

Jumamosi asubuhi nilipanda pikipiki kuelekea magharibi. Mvua ilitupiga tangu mjini, na matope meusi yakanirukia hadi kwenye kilemba. Karibu na Lac Vert tulijikinga kwenye kibanda cha muuza mikate. Redio yake ilikuwa ikiimba. Ni sauti yangu mwenyewe, ikimwita Papa Janvier.

"Unaujua huu wimbo?" nilimuuliza.

"Nani haujui? Ni wimbo ya Papa Janvier," alijibu, akinipa mkate.

Sikuula. Nilimpa dereva, tukaendelea mvuani.

Sake tulifika kabla ya adhuhuri. Mama Vumilia aliishi katika nyumba ya mbao nyuma ya soko, naye alikuwa anachambua maharagwe. Nilipomwambia kwaya ninayotoka, mikono yake ilisimama.

"Njo kwaya yenye inamuimbaka ule tajiri?"

"Ndiyo, mama. Nimekuja kuuliza ulivyoutunga."

Alinisogezea kigoda. Alisema ilikuwa Noeli ya vita. Walikimbia kijijini, uchungu ukamshika njiani, akajifungulia katika zizi la mfugaji mmoja. Mfugaji yule aliwaleta ndama karibu ili mtoto apate joto. Mtoto aliitwa Riziki. Hakumaliza juma.

"Kwetu mu milima, wimbo banaifungaka na jina ya mwenye ulitungiwa," alisema. "Mutoto wangu hana kaburi yenye naweza onyesha mutu. Nikamutia mu wimbo. Kila Noeli bantu bamwite, hata mara moja."

"Na wimbo ulifikaje Goma?"

"Papa Deo alikuya kutembelea kanisa yetu, akaurekoda na telefone. Nilifurahi sana! Nilisema Riziki anaenda mujini." Aliokota punje ya haragwe, akaitupa uani. "Kumbe banamutoa mu wimbo, banatia mutu ya mafuta na sukari."

Nikamuuliza anataka tufanye nini.

"Feza sitaki. Murudishe mutoto yangu mu nafasi yake. Noeli nitakuya kusikia."

Jioni hiyohiyo, kabla ya kufua matope, nilibisha kwa Papa Deo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akajikuna kidevu.

"Dada Espérance, sare zimeisha kushonwa."

"Na mtoto wa Mama Vumilia?"

"Yule alishakufa. Papa Janvier anaikalaka mu kanisa, ku benchi ya mbele."

Nilitoka bila kuaga.

Asubuhi ya Noeli, kanisa lilijaa hadi uani. Tulipofikia ubeti wa mwisho, Papa Janvier alisimama kama kawaida yake, akafunga kifungo cha koti. Nikavuta pumzi, nikaita: "Riziki eee!"

Kwaya ikaitikia, "Riziki!" Wamezoea hivyo: muimbishaji akiita, wanarudisha alichoita, na akili hufuata baadaye. Mkono wa Papa Deo uliganda hewani. Nikaita tena, na safari hii watu wa uani nao wakaitikia. Papa Janvier alibaki wima, hajui akae au apunge mkono. Mlangoni alikuwa amesimama Mama Vumilia, kitenge kimelowa, amejifunika mdomo kwa mikono miwili.

Nimejifunza kwamba mtu akikwambia wimbo hauna mwenyewe, umuulize kwanza nani anafaidika. Papa Deo amenifukuza kwenye kwaya na kunidai sare. Sare nimerudisha. Jina sirudishi.